Tupeane uzoefu: Kuvuta boti ya zamani yenye injini ya ndani kwa tela

Mwana wa Ujiji (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna boti ya faiba ya zamani imelala juu ya magogo hapa Ujiji. Injini yake ya dizeli imo ndani, nyuma kidogo ya katikati. Tumeinunua mimi na kaka yangu na tunataka kuifikisha Karema. Kwa ziwani haiwezekani: injini inataka kufunguliwa yote, na msimu huu kusi linakupiga usoni safari nzima. Kwa hiyo ni barabara, Uvinza hadi Mpanda, kisha kushuka Karema. Tela tumelipata, lilikuwa la boti ya injini ya kupachika (ile inayofungwa nje, nyuma ya boti), urefu unalingana kabisa.

Ninachoomba ni yaliyowakuta wenyewe. Waliowahi kuvuta boti za namna hii, mlilipangaje tela? Maneno ya "funga tu kamba uende" nimeyasikia ya kutosha, na boti hii ndiyo mtaji wetu wote.

Fundi Kuchomelea, Mwanga

Mkuu, urefu kulingana hakutoshi. Boti ya injini ya kupachika uzito wake mkubwa unaning'inia tezini (nyuma ya boti), kwa hiyo aliyeunda tela lile aliiweka ekseli nyuma. Ukipandisha boti yako, chuma kizito kinasogea mbele ya pale tela lilipokitarajia. Kichwa cha tela kinalemea ndoano, gari linachuchumaa nyuma, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani hausikii vizuri.

Nimeletewa tela la hivyo hapa karakana. Mwenye boti alitaka tuisogeze boti nyuma ili kupunguza uzito wa mbele. Nilikataa. Tezi ingebaki hewani bila kitu chini yake, na hapo ndipo injini ilipokaa. Tulichofanya ni kulegeza yu-bolti (bolti za umbo la U zinazoshika ekseli), tukaisogeza ekseli mbele kidogo kidogo huku tunapima, kisha tukakaza na kusogeza pia madigadi na waya za taa. Boti ikae pale mkuku wake (uti wa chini wa boti) unapopata kiti, halafu ekseli ndiyo iifuate.

Kupima uzito wa kichwa hakuhitaji mtambo. Tafuta mzani wa kupimia watu, tofali na ubao mgumu. Tofali mwisho mmoja wa ubao, mzani mwisho wa pili, urefu wa tofali na mzani uwe sawa. Soma kwanza uzito wa ubao peke yake. Kisha kalisha mguu wa kichwa cha tela kwenye alama ya theluthi moja ya ubao ukipima kutoka kwenye tofali. Toa uzito wa ubao, zidisha mara 3. Kwa boti tunalenga asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Yaani tela na boti vikiwa kilo 2,000, kichwa kikandamize kilo 100 hadi 200, na ndoano ya gari lako iwe inaruhusiwa kubeba hizo. Pima tela likiwa sehemu tambarare, magurudumu yamewekewa vigingi.

Mvuvi wa Katonga

Hapo kwenye uzito wote nisaidie kuongeza. Usiamini karatasi ya boti. Faiba ya zamani inaweza kuwa imenyonya maji kwenye mbao za ndani na kwenye povu la chini ya sakafu, na hayo hayatoki kwa kuchomoa kizibo. Yetu ilikuwa na karatasi nzuri, lakini tulipoipeleka mizani ya magari, gari na tela pamoja kisha gari peke yake, tofauti ilitushtua sote. Tela lilikuwa limezidiwa tangu siku linanunuliwa.

Dizeli nayo ni mzigo: lita 100 ni kilo 84 hivi. Tangi la maji limwageni. Nanga na mnyororo wake viende nyuma ya gari, si ndani ya boti.

Dereva Njia ya Kasulu

Salaam wakuu. Mimi nitasema la barabarani tu.

Tulikuwa tunateremka na boti ya mbao yenye mashine ndani. Kabla ya kuondoka vijana walikuwa wamejaza magunia ya dagaa tezini, nafasi ipo, kwa nini iende bure. Kwenye tambarare hukuona kitu. Mteremko ulipoanza nikahisi mgongo wa gari unasukumwa kushoto, kulia, tena kushoto, kila mara kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo naiona omo (pua) ya boti upande huu, mara upande ule. Mguu wote unatamani breki. Usikanyage. Niliachia mafuta, nikashika usukani umenyooka bila kufukuzana nao, mwendo ukashuka wenyewe na tela likatulia. Tuliposimama, kichwa cha tela niliweza kukinyanyua kwa mkono. Magunia yalikuwa yameinua mbele yote.

Hayo magunia tuliyahamishia kwenye gari na safari ikaisha salama. Tangu hapo sivuti tela ambalo sijaona limepakiwa mbele ya macho yangu.

Kitu kingine, minyororo ya usalama ipishane chini ya kichwa cha tela, mmoja huku mwingine kule. Kichwa kikichomoka kinadondokea juu ya minyororo badala ya kuchoma lami. Na tela zito namna hiyo liwe na breki zake.

Mama wa Kibirizi

Wanangu, mnazungumza habari za mbele tu, chini mmepasahau. Injini ya kupachika unaiinua. Propela ya injini ya ndani haiinuki, iko chini ya boti pamoja na shafti (chuma kinachoizungusha) na usukani wake, na inatangulia kugonga kila kitu. Nina boti zinazobeba abiria wa upande wa Gombe, na moja ilirudishwa kwangu na shafti imepinda kwa tuta moja tu la barabarani. Lala chini ya tela uangalie mwenyewe kama kuna chuma kinachopita karibu na propela, na pima kutoka ncha ya chini kabisa hadi ardhini.

Mkuku ndio ubebe boti. Zile mbao za pembeni kazi yake ni kuizuia isilale upande. Mkizikaza mpaka zibebe, faiba ya zamani inabonyea ndani, nimeona kwa macho yangu bonde la ukubwa wa sahani. Na chini ya injini pawe na egemeo la uhakika.

Mkifika majini msikimbilie kushusha. Habu (kitovu cha gurudumu) imetoka safari ndefu ina moto. Ukiitumbukiza kwenye maji ya ziwa inapoa ghafla na kunyonya maji mpaka kwenye beringi, grisi inaharibika. Pumzikeni kwanza, mle. Chomoeni waya wa taa. Rudisheni kizibo cha maji, kwa sababu njiani kinatakiwa kiwe nje na wengi hukisahau mfukoni. Na tangu ziwa lipande, mahali pengi pa zamani pa kushushia pako chini ya maji, kwa hiyo mtu atangulie kwa miguu apapase chini kabla ya gari kurudi nyuma.

Mwana wa Ujiji

Shikamoo mama. Hilo la propela hakuna aliyenitajia. Nimetoka kupima sasa hivi: chuma cha nyuma cha tela kinapita sawasawa na shafti.

Mama wa Kibirizi

Marahaba. Basi hicho kikatwe na kuundwa upya kwa umbo la V kabla ya boti kupanda.

Fundi Mashine Bangwe

Fundi mwenzangu wa Mwanga atakifanya. Mimi naongeza la baada ya safari. Boti ikiwa juu ya tela inakaa tofauti na ikiwa inaelea, hasa ya zamani. Shafti na injini hata mkivinyoosha Ujiji, vikifika Karema viangaliwe upya boti ikiwa majini, imekaa angalau siku nzima. Legezeni bolti za kiungo cha shafti, pitisheni wembe wa kupimia nafasi kuzunguka pande zote nne. Nafasi ikiwa kubwa upande mmoja, miguu ya injini irekebishwe. Kabla ya kuwasha, vali ya maji ya ziwa ifunguliwe, la sivyo impela ya raba (inayosukuma maji ya kupoza injini) inaungua kwa dakika chache. Chungulia pia shafti inapotokea chini, maji yanayodondoka tone tone ni sawa, yanayotiririka hapana.

Fundi Kuchomelea, Mwanga

Leta tela tupu kwanza, bila boti, pamoja na kipimo cha kutoka omo hadi katikati ya injini na kutoka omo hadi propela. Matairi nayo tuyaangalie: ubavuni kuna tarakimu 4, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hilo halifiki Mpanda hata kama kashata (meno) zake bado ni nzima. Boti ikizidi upana wa kawaida wa barabarani, pitia TANROADS (wakala wa barabara) uulizie kibali mapema, kinaweza kuchukua muda kuliko kazi yangu.

Mwana wa Ujiji

Tarakimu nimezisoma, matairi yote mawili yanabadilishwa. Tela nalileta Jumatatu asubuhi, kaka anakuja na vipimo.