Nataka tamthilia ya saa tatu usiku, king'amuzi kinanirekodia magazeti

ChipsiYai_Tanga
Habari zenu wakuu. Mimi nakaanga chipsi huku Ngamiani, na kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano usiku siachi karai. Tamthilia ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili, inaanza saa tatu kamili. Basi kazi yangu ni kusimuliwa na mdogo wangu, na mdogo wangu kusimulia hajui. "Yule dada akalia, halafu akaja yule kaka." Dada yupi? Humo ndani wote wanalia.

King'amuzi chetu ni cha antena, kina tundu la flash nyuma na rimoti ina kitufe cha duara jekundu. Nikanunua flash ya GB 32. Nikikaa mwenyewe nikabonyeza, kinarekodi safi kabisa. Shida ni kukitegea saa. Jumatatu niliweka 03:00, nikaja kukuta watangazaji wanasoma magazeti ya asubuhi, vikombe vya chai mezani. Jirani akacheka mpaka akakaa chini, akasema saa tatu usiku kwenye mashine ni 21:00. Haya, Jumanne nikaweka 21:00, asubuhi nafungua nakuta mechi ya marudio. Jumatano 21:00 tena, sikukuta kitu.

Na lingine: kile kipande nilichorekodi kwa mkono nimekipeleka kwenye laptop ya kaka, kinagoma. Flash mbovu au nimepigwa?

Mzee wa Remote
Mwambie mdogo wako akupigie simu ya video aelekeze kwenye TV. Bando litakata kabla ya tangazo la kwanza, lakini utakuwa umejaribu.

FundiAntena
Dada, flash yako nzima, na ushahidi wote umeuleta mwenyewe. Uliweka 03:00 ukapata magazeti. Magazeti yanasomwa saa kumi na mbili asubuhi, yaani 06:00. Jumanne uliweka 21:00, kikaamka saa sita usiku kikakuta marudio ya mpira. Mara zote mbili kimechelewa masaa matatu. King'amuzi chako kinafuata saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele yao kwa masaa hayo hayo matatu. Ingia kwenye menyu, tafuta mipangilio ya saa, palipoandikwa GMT (ndiyo hiyo saa ya Greenwich) weka +3. Ukimaliza linganisha na saa ya simu yako kabla ya kutega chochote. Kuna watu watakwambia weka tu 18:00 yaishe. Itakubali, ila siku mtu akirekebisha saa utarekodi katuni.

Jumatano ni kesi nyingine. Nyumbani kwenu nani anazima swichi ya ukutani?

ChipsiYai_Tanga
Fundi umejuaje! Mama. Jumatatu na Jumanne alikuwa msibani Pongwe, amerudi Jumatano. Akienda kulala anazima kila kitu, anasema kile kitaa chekundu kinakula uniti.

FundiAntena
Basi huyo ndiye. King'amuzi kizimwe kwa rimoti, kitaa kibaki kinawaka, ndipo kitaweza kuamka chenyewe. Kikikosa umeme ukutani hakijui hata leo ni lini. Mama mweleze taratibu, na umpelekee chipsi.

Kuhusu laptop: hujapigwa. Ving'amuzi vingi vinaifunga rekodi, kila kimoja kwa ufunguo wake chenyewe, kwa hiyo inacheza pale pale iliporekodiwa tu. Hata ukinunua kingine kinachofanana nacho kama mapacha, hakifungui.

Usihangaike na flash kubwa pia. Chaneli ya kawaida saa moja inakula kama GB 1 na robo, hiyo 32 inakutosha kama wiki tatu hata bila kufuta. Flash za 64 nyingi zinakuja na fomati (namna ya kupanga mafaili ndani) ambayo ving'amuzi hivi vingi havisomi, mpaka uifomati upya. Na ukirekodi mechi ya HD ukakuta imekatwa vipande viwili, usiogope. Kwa fomati ya FAT32 faili moja halivuki GB 4, kinaanza jingine.

Nahodha Mstaafu
Shikamooni wakubwa zangu, wadogo marahaba. Sisi enzi za deki tulikuwa tunarekodi kwenye kanda, na ile saa ya mbele inawaka 12:00 mwaka mzima, hakuna mtu mtaani aliyeweza kuirekebisha. Naona hamjatuzidi sana.

Mimi nina swali langu. Nimechomeka hard disk badala ya flash, inalia tik, tik, tik, halafu inapotea kwenye skrini. Imekufa?

FundiAntena
Marahaba... samahani, shikamoo mzee! Haijafa, ina njaa. Tundu la kawaida la USB linatoa miliampia 500, na hard disk inapoanza kuzunguka inataka zaidi ya hapo. Tafuta ile yenye adapta yake ya ukutani, au rudi kwenye flash.

ChipsiYai_Tanga
Mrejesho wa Alhamisi. Saa imekaa sawa, mama amekubali kitaa kiwake kwa masharti kwamba uniti za wiki hii nanunua mimi. Nimefunga biashara saa tano, nimefika, nimefungua: imo! Nimeangalia na miguu kwenye beseni la maji ya moto. Matangazo nayaruka tu.

Sasa ile bibi mkwe anafungua bahasha, anaanza kusoma, rekodi ikakata. Niliweka mwisho 22:00 na wao walichelewa kuanza.

Imebidi nimuamshe mdogo wangu. "Akasoma ile barua, halafu akalia."

FundiAntena
Weka 22:20.