Ziara za majengo ya kale Nairobi: mbona baraza ya mbele ya hoteli ya Norfolk mnaisimulia nusu?

Nimelipa pesa zangu Jumamosi kwa ziara ya majengo ya kale, na mpaka leo sijapoa. Nje ya hoteli ya Norfolk tulisimama karibu nusu saa. Mwelekezi akasifu mbao nyeusi juu ya kuta nyeupe, mtindo wa Tudor, na paa la vigae. Akasema ilifunguliwa Krismasi ya 1904, mji ukiwa bado mabati na matope kwani reli ilifika 1899 tu. Sawa. Akaja Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, na safari yake ya uwindaji ya 1909, akaja Lord Delamere, kigogo wa walowezi wa Kizungu, na vituko vya walowezi wakilewa. Watu wakacheka.

Nikauliza: na 1922 je?

"Hiyo ni siasa, mzee. Leo tunaangalia majengo."

Siasa! Na bomu la Desemba 31, 1980 alilolieleza kwa madaha, lile lililobomoa sehemu ya hoteli, hilo lilikuwa nini, mapambo?

Baraza ile ndiyo jengo lenyewe, jamani. Ilitazama barabara ili mlowezi akae na glasi yake akiona kila apitaye. Machi 16, 1922 alichokiona ni umati uliojaa kwenye kituo cha polisi hapo karibu, ukidai Harry Thuku, mwanaharakati aliyewapinga wakoloni na aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Wanaume walipoanza kulegea, mwanamke mmoja wa umati ule, Muthoni Nyanjiru, alipandisha rinda lake juu, akawaambia walichukue wao, wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga, askari wakafyatua. Na walowezi waliokuwa wakinywa barazani nao wakafyatulia watu wanaokimbia! Serikali ya kikoloni ilihesabu maiti 21. Wengine walisema ni wengi kupita hapo kwa mbali. Muthoni alikuwa mmoja wa waliouawa. Thuku akasafirishwa hadi Kismayu, kizuizini, bila kesi.

Ukiyaacha hayo, umeniambia nini kuhusu baraza? Kwamba ina kivuli kizuri?

Kilichonimaliza kabisa: barabara tuliyosimama inaitwa Harry Thuku. Kibao kipo. Vijana wa chuo kikuu hupita hapo kila siku, na wageni wetu walikipiga picha kwa sababu jua lilikuwa limekiangukia vizuri. Mwelekezi hakutamka neno.

Nani humu anamjua mwelekezi anayeisimulia yote? Nitalipa tena, na nitaleta wajukuu.