Naomba ushauri: dada yangu ana ugonjwa wa Cogan
Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu dada yangu, ambaye amegundulika kuwa na ugonjwa wa Cogan, ule ambao kinga ya mwili hushambulia konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) na sikio la ndani. Ulianza kwa macho mekundu yasiyovumilia mwanga, tukadhani ni mzio tu; wiki chache baadaye kikaja kizunguzungu kikali cha kutapika, akawa anatembea ameshika ukuta, huku masikio yakivuma usiku kucha. Kwa prednisoloni, ambayo ni dawa ya steroidi, macho yametulia, lakini usikivu unazidi kupungua, na jana aliniomba nikae upande wake wa kulia ndipo anisikie. Hilo limeniumiza sana.

Daktari anapendekeza aongezewe methotrekseti, dawa nyingine ya kutuliza kinga ya mwili, ili steroidi zipunguzwe. Je, kuna aliyepitia hatua hiyo, au aliyewekewa kipandikizi cha koklea (kifaa cha kusaidia kusikia kinachowekwa kwenye sikio la ndani) baada ya usikivu kupotea kabisa? Naomba pia kujua kama mlipimwa moyo na mshipa mkuu wa aota, maana ugonjwa huu wakati mwingine hufika huko, nasi bado hatujaelekezwa kufanya kipimo hicho.