Ben Urich alikuwa sahihi kuichoma ile stori ya Daredevil?

Kalamu_Kavu:
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanisumbua wiki nzima sasa, naomba tulijadili kwa utulivu. Mimi Daredevil, yule shujaa wa kinyago wa katuni za Marvel, nilimjulia kwenye ile sirizi ya 2015, na aliyenishika hasa hakuwa Matt Murdock, mwenyewe aliye nyuma ya kinyago, alikuwa Ben Urich, yule mwandishi wa New York Bulletin aliyeigizwa na Vondie Curtis-Hall, mtu mzima, mke wake yuko hospitali, mhariri wake hataki kusikia habari za mafia, na yeye bado anabandika picha ukutani usiku anaunganisha nani kamtuma nani. Fisk, yule bosi wa wahalifu anayeitwa pia Kingpin, alipomuua kwa mikono yake nilizima tv na siku ile sikuongea na mtu.

Sasa binamu yangu kaniazima katuni zenyewe za zamani, nikafika toleo la 164 la mwaka 1980. Humo Urich (huku yuko Daily Bugle, gazeti la bosi wake Jameson) ameshamaliza kazi, anajua Daredevil ni Matt Murdock, wakili kipofu. Anamfuata hospitali alikolazwa baada ya kupigwa na Hulk, anamwambia yote usoni, Matt anamsimulia maisha yake toka utotoni, na jamaa akishasikia anaitia moto ile stori. Yaani stori kubwa kuliko zote alizowahi kushika!

Swali langu ni hili, mwandishi ana haki hiyo kweli? Kazi si kuwaambia watu unachokijua? Nampenda Urich lakini ile kurasa nimeirudia mara nne na bado sijapata jibu.

MzeeWaKatuni:
Mkuu umegusa penyewe. Kwa wasiomfahamu, Urich aliingia Daredevil toleo la 153, mwaka 1978, kazi ya Roger McKenzie na mchoraji Gene Colan. Huyo McKenzie ndiye aliyeandika na hilo la 164 unalolisema, ila hapo mchoraji alishakuwa Frank Miller. Hana nguvu yoyote, hana kinyago, ni mtu wa koti lililokunjamana, miwani na sigara isiyokatika, kikohozi chake unakisikia kabla hujamwona. Na ameishi kwenye hizo kurasa zaidi ya miaka 40 pamoja na watu wanaorusha magari, sababu bila yeye lile jiji halina mtu wa kulitazama kutoka chini.

Kuhusu swali lako, angalia anachoma NINI. Hachomi habari ya mtu aliyeiba au aliyeua. Anachoma jina la mtu. Siku lile jina likitoka, kila jambazi aliyewahi kupigwa na Daredevil anajua mlango wa kugonga, na wakili anayewatetea maskini wa mtaa wake, Hell's Kitchen pale New York, hayupo tena. Msomaji anapata nini zaidi ya mshtuko wa asubuhi moja? Urich alipima akaona hasara ni ya mtaa mzima, na faida ni yake peke yake na mauzo ya gazeti.

binti_hesabu:
Samahani Mzee mimi hapo sikubaliani na nitasema kwa nini. Daredevil anapiga watu usiku, anavunja mikono, hakuna hakimu wala PGO (zile kanuni za kazi za polisi), na asubuhi huyohuyo anasimama mahakamani kama afisa wa mahakama. Hiyo siyo siri ya chumbani, hiyo ni habari ya umma kabisa. Kesi ngapi Murdock amesimamia ambazo ushahidi wake yeye mwenyewe aliutafuta kwa ngumi jana yake? Mtuhumiwa hana haki ya kujua? Urich alimhurumia kwa sababu alikaa kando ya kitanda chake akamsikiliza. Waliovunjwa mbavu hakukaa nao. Mwandishi akishaanza kuchagua nani wa kumlinda kwa sababu stori yake imemgusa, basi kesho atamlinda na asiyestahili, na sisi wasomaji hatutajua tofauti. Nampenda pia Urich lakini hapo alikosea, tukubali tu.

Kalamu_Kavu:
Dah, hoja ya mahakamani sikuwahi kuiwaza kabisa. Mzee jibu hapo.

Mwandishi_wa_Mkoani:
Naomba niingie kabla ya Mzee maana hii mada kwangu siyo ya katuni tu. Niliandikia gazeti moja kwa miaka sita nikiwa mkoani, ile ya kulipwa kwa stori, isipotoka hulipwi. Mwaka fulani msimu wa kununua mazao nikapata daftari. Lilikuwa la kituo kimoja cha kununulia, lina safu mbili, uzito uliosomwa kwenye mzani na uzito ulioandikwa kwenye risiti ya mkulima, na kila mstari kuna kilo zimepotea, kilo tatu, kilo nne, kilo sita, mstari baada ya mstari mpaka ukurasa unaisha. Mwandiko mmoja, wino wa bluu. Nililifunua mezani nyumbani kwa taa ya chemli mikono inatetemeka, maana hiyo ilikuwa ukurasa wa mbele bila ubishi.

Shida ni kwamba daftari lile lilikuwa linashikwa na mtu mmoja tu, karani kijana, ndiye aliyeniletea. Nikiandika hata bila jina lake, kila mtu pale kituoni anajua ni nani. Nilimpigia mhariri wangu, akasema tuma leo. Nikamfuata yule kijana, nikamkuta nyuma ya ghala anakula muhogo, nikamuuliza unajua kitakachokupata? Akasema kaka we andika tu. Sikuandika. Nilizunguka kwa wakulima kwanza, kijiji kwa kijiji, nikakusanya risiti zao, wengine wamezihifadhi ndani ya biblia, wengine kwenye kopo la sukari, nikawaomba wapime gunia upya kwenye mzani wa dukani. Ilinichukua wiki saba. Stori ilipotoka ilisimama kwa miguu ya wakulima, daftari sikulitaja, na kijana alibaki na kazi yake. Ila ilitoka ndani, ukurasa wa tisa, msimu umeshaisha na wakulima wa wiki hizo saba walikuwa wameshapunjwa. Hilo la wiki saba bado linaniuma.

Kwa hiyo binti_hesabu hoja yako naiheshimu, na Urich nadhani naye ilimuuma. Lakini nikisoma ile kurasa ya moto naona mtu aliyekuwa na njia mbili na zote zina mtu wa kuumia, na akachagua asiwe yeye aliyemuuza mwenzake.

MzeeWaKatuni:
Ahsante sana ndugu kwa kutushirikisha hilo. Binti, hoja yako ya mahakama ni nzito na waandishi wa katuni wenyewe waliifikia baadaye. Mwaka 2002 Brian Michael Bendis na mchoraji Alex Maleev wakaleta stori ambayo gazeti lingine, Daily Globe, linatoa jina la Matt ukurasa wa mbele, limenunua habari kwa ofisa wa FBI aliyekuwa na shida ya pesa. Na Matt akafanya nini? Akakana. Akalishtaki gazeti kwa kuandika ukweli. Hapo upo sahihi kabisa, Matt alilidanganya jiji mchana kweupe, wakili mzima. Na Jameson alimtaka Urich amthibitishie, Urich akagoma kwa bosi wake mwenyewe. Kwa hiyo ule moto wa 1980 ulikuwa na gharama, sikatai.

Lakini Kalamu, usimhukumu Urich kabla hujafika 1986, toleo la 227 kwenda mbele, Miller safari hii anaandika na mchoraji ni David Mazzucchelli. Ukitaka kujua kwa nini watu wanampenda mtu huyu jibu liko humo. Kingpin amelijua jina la Matt, analitumia kumvunja kidogo kidogo, nyumba, akaunti, leseni ya uwakili. Kuna luteni wa polisi, Manolis, anatoa ushahidi wa uongo dhidi ya Matt kwa sababu mtoto wake anahitaji matibabu na wamemwahidi madaktari. Mtoto anakufa. Urich anaanza kufukua, wanamtumia mwanamke aliyevaa sare za nesi, mkubwa wa mwili, anamvunja vidole. Vidole vya mwandishi!

Kisha ile simu. Manolis yuko kitandani hospitali, mtoto hayupo tena, anaamua kusema ukweli, anampigia Urich chumba cha habari. Yule nesi anaingia, anamnyonga, na anahakikisha Urich anasikia kupitia simu. Urich yupo katikati ya meza, taipureta zinagonga, wenzake wanaendelea na kazi zao, yeye kashika mkonga wa simu sikioni anasikia mtu anakufa na hawezi hata kupiga kelele. Baada ya hapo anakataa kila kitu, hata jina la Murdock halitaki mdomoni, anasema hamjui. Muoga kabisa, na Miller hajaificha hofu yake hata kidogo.

Aliyemnyanyua ni Jameson, amini usiamini. Yule mzee wa kelele tuliyemzoea akimtukana Spider-Man, hapo anamkalisha mwandishi wake na kumkumbusha gazeti ni nini na lina nguvu gani. Na Urich anarudi, na bandeji yake mkononi, anaandika, anamtaja Kingpin.

binti_hesabu:
Sawa hiyo ya simu nimeisoma zamani, sikuwahi kuiunganisha na 1980. Jina lilelile. Mara ya kwanza analinyamazia kumlinda mtu, mara ya pili analinyamazia kwa kujilinda mwenyewe, na anajua tofauti ndiyo maana hawezi kulala. Bado nasema ya mahakamani haijajibiwa ila nakubali huyu si mtu aliyekuwa anaogopa kuandika kwa kawaida yake.

NyotaYaEastlands:
Wadau mimi niko Nairobi nimekuwa nasoma tu kimya, lakini msiache kumwambia Kalamu asome ile ya 2001, Bendis tena, michoro ya David Mack, toleo la 16 hadi 19 la mfululizo wa pili. Urich anakutana na mtoto anaitwa Timmy, babake ni yule mhalifu Leap-Frog, mtoto hasemi, anachora tu na kurudia maneno yaleyale. Jameson anataka stori ya Kingpin, Urich anamwambia hapana, nataka huyu mtoto. Daredevil karibu hayuko kwa hiyo stori, ni mwandishi na mtoto na karatasi za rangi. Nililia, sitaki kudanganya. Niliisoma kwa matatu na ikabidi nishuke stage moja mbele ya yangu.

Kalamu_Kavu:
Nashukuru wote, sikutegemea majibu ya namna hii. Mwandishi_wa_Mkoani nimesoma ya kwako mara mbili, hao wakulima waliohifadhi risiti kwenye kopo la sukari sitawasahau. Swali moja la mwisho, yule karani ulimwambia kwamba ni kwa ajili yake ulichelewa?

Mwandishi_wa_Mkoani:
Hapana. Alinikasirikia, alidhani nimehongwa. Tulikutana tena baada ya miaka miwili stendi, akanisalimia kwa mbali tu akapanda basi lake.