Anavuta dedilifti, makalio yanatangulia juu chuma kikiwa bado chini. Nimrekebishe vipi?

KochaMpya
Wakuu habari zenu. Mimi nafundisha watu mazoezi ya nguvu, bado mgeni kwenye hii kazi, na kuna jamaa mmoja namfundisha ananiumiza kichwa. Skwati yake (kuchuchumaa na chuma mabegani) safi kabisa sina neno, shida ni dedilifti, ile ya kuinua chuma toka sakafuni mpaka usimame nacho. Kilo 60 anavuta vizuri hadi raha kutazama, ila tukifika 100 na kuendelea makalio yanatangulia kupanda, magoti yananyooka wakati chuma hata hakijaachana na sakafu, halafu anabaki anavuta na mgongo mtupu na mgongo wenyewe unapinda. Nimemwambia nyoosha mgongo, kifua juu, shusha makalio, tumia miguu, kila nikiongeza neno ndo anazidi kuvurugika. Nikamshusha makalio mwenyewe kwa mkono kabla hajavuta, akivuta tu yanarudi juu palepale. Haumwi popote, ila ana mapaja marefu. Kuna wanaoniambia nimhamishie sumo (dedilifti ya kutanua miguu, mikono ikiwa katikati ya magoti) yaishe. Nianzie wapi?

MzeeWaVyuma
Mkuu jibu umeliandika mwenyewe, hapo uliposema unamshusha yanarudi juu palepale. Hayo makalio yanaenda mahali pake, wewe ndo unayatoa!

Dedilifti sio skwati ya kushikilia chuma mkononi. Mzigo ukiwa mzito kweli hauachi sakafu mpaka chuma kiwe juu ya katikati ya unyayo na bega liwe mbele ya chuma kidogo, iwe unapenda au hupendi, kwa hiyo mtu akianza makalio yakiwa chini sana anachofanya ni kujipanga upya akiwa tayari ana kilo mia mkononi, na kujipanga huko ndo hiko unachokiona magoti yananyooka chuma kimetulia. Kilo 60 inamsamehe tu ndo maana huoni.

Fanya hivi. Asimame chuma kiwe juu ya katikati ya unyayo, na unyayo uhesabu wote pamoja na kisigino, watu wengi wanahesabu ile sehemu inayoonekana mbele ya ugoko ndo maana wanasimama mbali. Akisimama sawa, kati ya ugoko na chuma panabaki kama sentimita 2 au 3. Ainame ashike, chuma asikisogeze hata kidogo. Akishashika alete magoti mbele mpaka ugoko uguse chuma, na hapo makalio yamefika mwisho, asiyashushe tena. Sasa ndo akaze mgongo atoe kifua. Hapa kaa naye karibu, maana ukimwambia kifua juu tu atachuchumaa na kazi yote inaharibika, kifua kinatoka kwa kukaza misuli ya mgongo makalio yakiwa yametulia.

Na huyo wa mapaja marefu ataonekana ameinama sana kuliko wenzake. Muache, ndo maungo yake. Usimlinganishe na picha ya mtu mwenye mapaja mafupi na mikono mirefu.

Fundi_Kiuno
Naongezea kwa mzee hapo juu. Mwangalie anaanzaje kuvuta, nina uhakika anakurupua. Tundu la pleti (yale magurudumu ya uzito) ni kubwa kidogo kuliko chuma kinachopita ndani yake, kwa hiyo ukianza kuvuta taratibu chuma kinapanda kidogo tu kinagusa juu ya tundu na kunatoka kamlio, "tk". Hapo mikono imenyooka mwili mzima umekaza na pleti bado ziko sakafuni. Asikie ile tk kwanza ndo asukume. Anayekurupua mikono ikiwa imelegea, mzigo unamkuta hajajiandaa na kitu cha kwanza kuachia ni kiuno.

Na pumzi avute kabla ya hapo, ijae tumboni mpaka mbavuni, aibane, tumbo likaze pande zote. Asiipumue katikati ya safari.

dada_nondo
Mimi nakubali nusu. Kujipanga muhimu ndio lakini hata akijipanga sawa akienda 100 anaweza kurudi kulekule, kwa sababu ameshazoea kuvuta uzito mdogo kwa namna moja na uzito mkubwa kwa namna nyingine. Kati ya 60 na 100 kuna kilo 40 hapo kocha hujazisema! Tafuta ni wapi hasa panaharibikia, kama ni 85 basi kaa 80 wiki kadhaa. Na mpe dedilifti ya kusimama njiani: avute mpaka chuma kiwe chini kidogo ya magoti, asimame sekunde 2, ndo amalizie. Makalio yakitangulia kule kusimama kutamuumbua palepale, hutahitaji hata kuongea.

Lingine, maneno yako ni mengi mno. Mtu yuko na mzigo mkononi unamtupia amri tano, atafuata ipi? Mpe moja tu kwa seti nzima. Na badala ya kumtajia viungo vyake (makalio, kifua, magoti) mwambie afanye nini na kitu kilichopo nje, mfano "sukuma sakafu iende chini". Hiyo inawasaidia sana wenye shida ya makalio maana ukiwaza kusukuma unatumia miguu, ukiwaza kuvuta unakimbilia mgongo. Kwa kwapa mwambie abane kama ameficha gazeti humo, chuma hakitamkimbia kwenda mbele.

kimya_kimya
Kuhusu sumo: sio dawa. Makalio yanatangulia hukohuko pia. Mashindano ya pawalifti (skwati, benchi na dedilifti) yanaruhusu sumo na ya kawaida zote mbili, achague inayokaa na nyonga zake, asihame kwa kukimbia tatizo.

KochaMpya
Asanteni sana wakuu. Nimejaribu ya mzee pamoja na ile tk. Video nimeipiga simu ikiwa pembeni usawa wa kiuno, na kweli chuma kilikuwa kinakaa mbele karibu na vidole vya miguu! Tumemrudisha, tukaanzia 80, makalio na mabega sasa yanapanda pamoja. Ila yamebaki mawili. Repu (mvuto mmoja) ya kwanza nzuri, kuanzia ya tatu anaharibu tena. Halafu vidole vya mikono vinafunguka mapema, niende moja kwa moja kwenye kamba za kufungia mkono kwenye chuma?

MzeeWaVyuma
Ya tatu inaharibika kwa sababu anadundisha. Pleti zinagonga sakafu zinarudi juu naye anapanda nazo, chuma kimeshahama alipokiweka. Kila repu chuma kitue, kinyamaze, avute pumzi upya, abane upya, ndo aende. Zikiwa repu tano hesabu ni moja moja mara tano. Na ashuke kwa kurudisha makalio nyuma kwanza, magoti yakunje chuma kikishayapita, la sivyo chuma kitayazunguka na kutua mbele.

Halafu angalia na pleti mnazotumia, ile kubwa ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 45 hivyo chuma kinakaa kama sentimita 22 na nusu toka chini. Kwenye kupasha na pleti ndogo chuma kinashuka na yeye anapinda kukifuata, kiinue kwa mbao au vibao kifike urefu uleule.

dada_nondo
Kamba bado. Seti za kupasha zote ashike viganja vyote vikimtazama, chaki kama ipo. Zile nzito ndo ageuze kiganja kimoja, na hicho kilichogeuzwa mkono unyooke kabisa, asivute kiwiko kikiwa kimekunja, musuli wa mbele ya mkono unaweza kuchanika hapo na sio utani. Abadilishe upande pia. Asiyependa kugeuza ashike kwa kufunika dole gumba, inauma mwanzoni ila inashika kweli.

Kamba zina kazi yake. Eddie Hall alipovuta kilo 500 mwaka 2016 alikuwa na kamba, na Hafþór Björnsson 501 mwaka 2020 vilevile, ila ile ni michezo ya wababe (strongman), pawalifti hawaruhusu kamba. Za huyu jamaa ziache kwa zile seti za ziada mwishoni, viganja vikishachoka na mgongo bado unataka.

kimya_kimya
Mkanda wa kiunoni je? Maana swali linalofuata najua ni hilo

Fundi_Kiuno
Mkanda unafaa kama tayari anajua kubana tumbo, maana unampa kitu cha kusukumia. Asiyejua kubana ukimfunga anabaki na kiuno kilekile kilicholegea, ila kimefungwa. Kwa sasa 80 mpaka 90 bila mkanda, na video kila seti ya mwisho.