Kuanza mbio za pikipiki za lami katika umri wa miaka 20: nianzie wapi?

Binti wa Meru anauliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Mimi ni msichana wa miaka 20, nimekulia Arusha na sasa ninaishi Leicester, Uingereza, ambako ninasoma na kufanya kazi. Nina leseni ya barabarani na pikipiki ya cc 400. Nimekuwa nikifuatilia mbio za lami tangu nilipopata habari za Ana Carrasco wa Hispania, ambaye mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio hizi katika pikipiki ya mtu mmoja, yaani isiyo na kigari cha pembeni. Uwanja wa Donington, ambako alishinda mwaka huohuo, hauko mbali na ninapoishi, na sasa sitaki tena kukaa jukwaani, ninataka kushindana.

Carrasco alipanda pikipiki ndogo akiwa na umri wa miaka 3. Je, mimi nimekwishachelewa? Hatua ya kwanza ni ipi, na je, niyalenge moja kwa moja mashindano ya dunia ya wanawake yaliyoanza mwaka 2024? Tena, mama yangu anaogopa sana, nami ningependa kumweleza yaliyo kweli. Ninaowauliza hapa karibu hunitisha au hunisifu tu, na hakuna anayenieleza kazi yenyewe.

Fundi wa Uwanjani anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kazi yangu ni kuandaa pikipiki za mbio za klabu hapa Uingereza, kwa hiyo nitajibu hilo la hatua ya kwanza na kuwaachia wengine mengine.

Usianze na mbio. Anza na siku za mazoezi ya wazi, ambazo viwanja vingi huwauzia wenye pikipiki zinazofaa. Donington na Mallory Park vyote viko Leicestershire. Waendeshaji hugawanywa katika makundi kulingana na uzoefu wao, kundi la wageni, yaani wanaoanza, huwekewa masharti makali zaidi ya kupitana, na hakuna anayepimiwa muda. Hapo utapata kitu ambacho barabara haiwezi kukupa, yaani nafasi ya kuirudia kona ileile mpaka ujue pa kushikia breki, pa kuilaza pikipiki upande na pa kuongeza kasi. Barabarani anayekimbia hukisia kilichojificha nyuma ya kona. Uwanjani unakijua, na kazi inayobaki ni kuiachia breki ya mbele taratibu kadiri pikipiki inavyozidi kulala, ili uzito ubaki kwenye tairi la mbele na lisiponyoke. Mlipe mwalimu wa uwanja akufuate mizunguko michache. Maelezo yake yatakufaa kuliko ekzosi mpya.

Ukishatulia, omba leseni ya mbio kwa Auto-Cycle Union (ACU), chama kinachosimamia michezo ya pikipiki huku. Utapitia mafunzo ya wageni, ambamo bendera ni somo la lazima: ya njano inaonya kwamba kuna hatari mbele na ni marufuku kupita mwenzako, ya bluu inakuarifu kwamba mwenye kasi zaidi anakaribia kukupita, na nyekundu inasimamisha mbio. Katika mbio zako za mwanzo utavaa kizibao cha rangi ya chungwa ili walio nyuma wajue kwamba wewe ni mgeni. Usikionee haya, kwa maana kinakulinda.

Wageni wengi hukwama asubuhi ya mbio kwa sababu ya pikipiki yenyewe, kwani mkaguzi akiona kasoro haingii uwanjani. Taa, vioo na stendi hutolewa. Boliti ya kumwagia oili hufungwa kwa waya mwembamba ili isifunguke, na chini ya injini huwekwa kinga ya kuzuia oili isifike kwenye lami. Ndani ya rejeta tia maji matupu, kwa sababu ile dawa ya kuzuia maji yasigande ikimwagika huacha utelezi mbaya sana. Mkono wa breki ya mbele huzungushiwa kinga, usije ukabanwa na pikipiki ya mwenzako katika msongamano. Mambo haya ninayasimamia kwa ukali, maana mengi kati yake humlinda yule anayekufuata zaidi ya yanavyokulinda wewe.

Kwa upande wa mavazi, tafuta ovaroli ya ngozi ya kipande kimoja, kinga ya mgongo, glavu zinazopita kifundo cha mkono, viatu virefu, na kofia ngumu yenye stika ya dhahabu ya ACU. Fedha zikipungua, nunua pikipiki ya bei nafuu zaidi, lakini usipunguze chochote kwenye kofia.

Dada wa Pwani anajibu:

Mdogo wangu, ni kweli kwamba Carrasco alianza akiwa mtoto mdogo na kwamba baba yake alikuwa fundi wa pikipiki, lakini kuanza mapema hakukumwondolea ngazi hata moja. Aliingia Moto3, daraja la pikipiki nyepesi katika ubingwa wa dunia, mwaka 2013 akiwa na miaka 16, akapata pointi yake ya kwanza Malaysia kwa kumaliza wa 15, kisha akawa wa 8 Valencia. Baada ya hapo ikafuata misimu migumu ambayo haikumpa matokeo ya maana. Alipohamia Supersport 300, daraja la dunia la pikipiki za dukani zenye injini ndogo, mwaka 2017 ndipo aliposhinda katika uwanja wa Portimão, na ubingwa wa 2018 aliupata kwa tofauti ya pointi 1 tu katika mbio za mwisho za Magny-Cours, ambako alianza katika nafasi ya 25 na kumaliza wa 13. Mimi naziheshimu mbio hizo kuliko zile alizoshinda, kwa sababu alijua hesabu yake na akaipigania nafasi moja baada ya nyingine katikati ya kundi.

Kwa miaka 20 hujachelewa kabisa kwa mbio za klabu, na ukiwa na bidii unaweza kufika mbio za kitaifa. Ubingwa wa dunia ni mlima mwingine, kwa kuwa utakaokutana nao huko wana miaka mingi ya mbio. Kwa hiyo usiyachukue mashindano ya wanawake kama mlango wa wanaoanza. Wote huko huendesha Yamaha R7 zinazofanana. Carrasco alitwaa taji la kwanza mwaka 2024 na Maria Herrera akatwaa la 2025, na wote wawili walikuwa wameshindana na wanaume kwa miaka mingi. Wapo wanaolalamika kwamba mashindano hayo yanawatenga wanawake. Mimi siafikiani nao, nikikumbuka kwamba Beryl Swain alishiriki mbio za cc 50 za barabarani katika kisiwa cha Isle of Man mwaka 1962, akamaliza wa 22, kisha akanyang'anywa leseni yake ya kimataifa. Mahali ambapo nafasi ilikataliwa waziwazi, ni haki nafasi itengwe waziwazi.

Jambo moja zaidi: kama uliendesha kwenye barabara za vumbi za Arusha, usilidharau hilo. Waendeshaji wa MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za lami, hufanya mazoezi kwenye udongo ili mikono izoee pikipiki inayoteleza.

Muuguzi anajibu:

Mama asiambiwe kwamba hakuna hatari. Carrasco alivunjika pingili mbili za mgongo katika mazoezi ya Estoril, Septemba 2020, akafanyiwa upasuaji, na mwaka 2021 akashinda tena Misano. Kuumia na kushinda, vyote viwili ni sehemu ya habari, usimpe mama nusu yake. Mweleze pia kwamba uwanjani hakuna malori wala nguzo za umeme kando ya njia, wote huelekea upande mmoja, na watoa huduma ya kwanza huwa tayari. Mwalike aje kwenye siku ya mazoezi. Kabla ya hapo soma bima yako vizuri, kwa kuwa nyingi hazilipi majeraha ya mbio, na ukivunjika mkono hutaweza kwenda kazini.

Binti wa Meru:

Ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Je, niibadilishe pikipiki hii niliyo nayo iwe ya mbio?

Fundi wa Uwanjani:

Hapana, mwanangu. Ifanyie mazoezi ya wazi jinsi ilivyo, ukiziba taa na vioo kwa selotepu. Ukiamua kushindana, nunua iliyokwisha kuandaliwa na mwendeshaji anayehamia daraja jingine, kwa kuwa atakuuzia pamoja na rimu za akiba, na kazi ya waya na kinga atakuwa ameshaimaliza.