Kuweka boti Mediterania wakati wa baridi: bei ya Septemba sio utakayolipa Aprili, NIMECHOKA

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo makosa ya herufi mtanisamehe.

Mimi niko Uholanzi mwaka wa kumi na moja huu. Na jamaa yangu mmoja wa Tanga tulichanga tukanunua kiboti cha matanga cha zamani, mita 9.6 kwenye makaratasi, kiko Ugiriki upande wa Ionia, bahari ya magharibi ya nchi. Kabla hamjaanza, sisi sio matajiri. Boti kuukuu huku unaipata kwa bei ya gari iliyotumika, kinachomaliza mtu ni pa kuiweka.

Majini siweki. Wale wa Rapallo kule Italia mwishoni mwa Oktoba 2018 walidhani wamejificha nyuma ya ukuta wa bandari, bahari ikaja ikauvunja ukuta wenyewe, maboti kwa mamia yakarundikana ufukweni kama dagaa waliomwagwa. Na huku huku Ionia Septemba 2020 kile kimbunga Ianos kilivyopita Kefalonia na Ithaca, watu waliamka boti ziko juu ya mawe. Kwahiyo nchi kavu, hilo halikuwa na mjadala.

Sasa mtu wa nyumbani ataniuliza, kwani kupandisha chombo kuna shida gani? Mimi nimekulia Nungwi. Pale unangoja bamvua, maji makubwa yale, chombo kinasogezwa mpaka pwani, maji yakipwa kinabaki mchangani, watu wanakwangua, wanachoma na makuti, wanapaka shahamu, maji yakijaa kinaelea chenyewe na hakuna mtu aliyekuletea invoisi. Mediterania haipwi wakuu! Sehemu nyingi tofauti ya maji kujaa na kupwa haifiki hata nusu mita. Maana yake chombo chenye mkuku mrefu, ule uti wa chini ya boti, kama changu hakitoki majini bila ile kreni kubwa ya matairi yenye mikanda, na mwenye kreni ndo mwenye boti yako. Mimi hili nilikuwa nalijua na bado nikachagua yadi, yaani uwanja wa kuwekea boti nchi kavu, kwa kuangalia bei tu, ujinga wangu huo naukubali.

Haya sikilizeni. Jina la yadi silitaji, sitaki kesi. Septemba 2024 walinipa bei euro 1,100 miezi sita, mpaka tarehe 15 Aprili. Nikaona rahisi, nikatuma dipoziti siku hiyo hiyo. Nafika Oktoba, jamaa wa yadi katoka na futi kamba kaanza kupima kuanzia ncha ya nanga mbele mpaka kwenye ngazi ya kuogelea nyuma, akasoma mita 10.7. Nikamwambia ngazi inakunjwa, akaniambia yadi inapima "chote kinachochukua nafasi". Basi tukahamia daraja la juu, 1,290. Kupandisha na kushusha 420, kumbe haikuwemo. Kuosha chini kwa maji ya presha 85. Miguu ya chuma ya kuisimamishia na mikanda ya kuifunga chini 150, yaani unalipia sehemu halafu unalipia tena isianguke kwenye hiyo sehemu. Jumla 1,945, nikashusha pumzi, nikasema ndo imeisha. Haijaisha, bado VAT ya Ugiriki 24%. Euro 2,411 na senti 80. Kutoka 1,100!

Na usinambie ningeenda kwingine, boti ilikuwa ishaning'inia kwenye mikanda wakati naoneshwa hiyo karatasi.

Februari mvua zilivyozidi nikawaandikia WhatsApp, naomba picha moja tu ya boti. Baada ya siku tatu ikaja picha na kidole gumba. Nikaifungua vizuri, boti ina turubai la bluu. Yangu haina turubai. Nikawaambia hii sio yangu, wakanitumia kidole gumba kingine.

Aprili 12 nimechukua likizo nimefika. Lile shimo la nyuma anapokaa mshika usukani limejaa maji, matundu ya kutolea maji yameziba majani ya mikaratusi, na maji yalishapanda yakavuka kizingiti yakaingia ndani. Godoro linanuka kama kapu la samaki, betri zote mbili zimekufa maana umeme walikata na hakuna aliyesema. Lakini kilichonitoa jasho ni mguu mmoja wa chuma ubavu wa kushoto. Ubao wake wa chini umezama kwenye tope na mguu wenyewe ukiushika kwa mkono mmoja UNAZUNGUKA. Mnaojua mnaelewa, mguu unaozunguka haujabeba kitu, na tani nne na nusu zimelalia ile iliyobaki. Nimemuita msimamizi, kaja na nyundo, kagonga, kakaza skurubu mizunguko miwili, kaondoka anaongea na simu.

Haya nishusheni basi, tarehe 15 ndo mkataba unaisha. Avrio. Avrio ni kesho kwa Kigiriki, neno la kwanza nililojifunza. Kumbe boti yangu waliisukumia nyuma kabisa na mbele yangu zimepangwa boti tatu ambazo wenyewe hawajafika. Halafu ikaingia Pasaka yao, mwaka huo 2025 ilikuwa tarehe 20, kuanzia Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu kreni haifanyi kazi, na mimi pasaka ya watu siipingi hata kidogo, ila kalenda walikuwa nayo tangu Septemba. Nimeshushwa tarehe 24. Na wakanichaji siku 9 za "kupitiliza mkataba", euro 18 kwa siku. Wao ndo wenye kreni, wao ndo waliniziba, mimi ndo nimepitiliza!! Tiketi ya ndege nimebadilisha kwa hela yangu, kazini nimedanganya naumwa.

Kwahiyo naomba msaada wa kweli, sio wa "pole mkuu". Nani hapa kaweka kisiwa cha Leros, pale Lakki au Partheni? Messolonghi, huko huko Ugiriki, je? Jamaa mmoja ananivuta Uturuki, Finike au Marmaris, VAT kule ni 20% na anasema mafundi ni wa uhakika, ila mimi nawaza safari ya kuipeleka. Mwingine yuko Marina di Ragusa kule Sicily, anakaa ndani ya boti baridi nzima na kundi la wazungu wastaafu, anafurahi, lakini yeye yupo pale analegeza na kukaza kamba zake mwenyewe, mimi niko kazini Rotterdam. Ukinijibu usinipe bei ya mita, hiyo nishaumwa nayo. Niambie wanapima kutoka wapi mpaka wapi, chini ya boti ni zege au tope, ukisema tarehe ya kushusha wanaiandika kwenye mkataba au wanatikisa kichwa tu, na kama wanaruhusu ukwangue na upake rangi ya chini mwenyewe, maana yadi nyingine hata brashi ni lazima ishikwe na fundi wao.

EDIT: Wamenijibu barua yangu ya malalamiko. Wamenitumia kotesheni ya baridi ijayo, punguzo 5% la mteja wa kudumu. Urefu wa boti umeandikwa mita 10.9.